Tulivyomfikisha zimwi mahakamani kwa video call: Stockholm na Morogoro meza moja

Wakuu, salamu kutoka Rissne, pembeni ya jiji la Stockholm. Nje theluji imegeuka matope, mimi niko jikoni na chai ya tangawizi. Nimeona niandike huu uzi kabla sijapoteza mtiririko.

Ninayosimulia yametokea sebuleni kwangu. Sijaongeza chumvi. Kama kuna sehemu itasikika kama ya kutunga, mlaumuni mama yangu mzazi, ndivyo alivyo.

Wale wa "weka picha", sina. Mama alikataa kabisa kupigwa screenshot akiwa na kanga ya nyumbani.

Twende.

Mimi nilikuja huku kusoma, nikamaliza, nikapata kazi ya maabara kwenye kiwanda cha dawa mji jirani wa Södertälje. Nina mke, yeye ni muuguzi na Jumapili nyingi yuko zamu. Tuna binti mmoja, Tumaini, yuko darasa la nane.

Enzi za chuo, Waswidi niliosoma nao walinifundisha mchezo wanaouita rollspel. Kwa ambao hamjawahi kuuona: mnakaa mezani, kila mtu anakuwa mhusika fulani. Mmoja ni msimulizi. Msimulizi anasema, "Mmefika kwenye mlango wa pango, ndani kunasikika sauti. Mnafanya nini?" Kila mtu anasema anachofanya. Kama jambo ni gumu, mnarusha dadu, dadu ndiyo inaamua.

Basi. Hakuna bodi, hakuna karata. Ni hadithi, ila nyie ndio mnaoamua inaelekea wapi.

Kuna watu wanaandika visa vya huu mchezo na kuviuza, unanunua unasoma unawasimulia wenzako. Ila kila kisa kimeandikwa kwa mfumo wake wa sheria. Ukitaka kukicheza kwa sheria za mfumo mwingine, inabidi ukibadilishe mwenyewe. Ni kama umepewa suti ya mtu mwingine, unampelekea fundi aipunguze. Shikeni hilo, ndiyo kiini cha uzi.

Tumaini naye akaambukizwa. Anacheza na wenzake maktaba, na ana shoka lake la kufikirika ambalo analipenda kuliko simu yake.

Sasa tuje kwa mama.

Mama yuko Morogoro. Kabla hajastaafu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi sana. Ni yule mama anayekaa pembeni ya hakimu, anaita majina, anauliza maswali ya mwanzo kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Jina lako? Umri? Kabila? Dini? Kazi? Unaishi wapi? Nyumbani tulikua na hiyo sauti. Ukichelewa kurudi unaulizwa hivyo hivyo, kuanzia jina.

Baba alipofariki, ile sauti ikazimika.

Tulikuwa tunapiga video call kila Jumapili mchana. Mama anasema, "Mpo salama? Haya, Mungu awatunze." Namkabidhi Tumaini simu. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Shule?" "Nzuri." Halafu wote wawili wanabaki wanaangalia pembeni kama watu waliokutana kwenye lifti. Simu inarudi kwangu, mama anaaga.

Wakuu, ilikuwa inaniuma. Huyu mzazi wangu anafifia nikiwa namwangalia kwenye screen, na huyu mtoto wangu hana la kumwambia. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiswidi. Wazazi wa huku mnanielewa.

Jumapili moja simu ilikuwa hewani, nimeiegesha kwenye bakuli la matunda, Tumaini yuko mezani anarusha dadu zake zinagonga meza. Mama akasikia.

"Mnacheza kamari huko?"

"Hapana mama. Ni mchezo wa hadithi."

"Hadithi gani inarushiwa dadu?"

Nikamweleza. Nilikuwa na kisa kipya nilichokinunua, nikamsimulia mwanzo wake tu. Kuna kijiji cha wachimba madini chini ya mlima. Mbuzi wanapotea usiku. Wanakijiji wanasema mgodini kuna zimwi, wanatafuta mashujaa waende kummaliza.

Mama akasogea karibu na simu. Halafu akasema, "Nani alimwona huyo zimwi akichukua mbuzi?"

Nikamwambia kitabu hakijasema.

"Sasa mnakwendaje kumuua mtu ambaye hajasikilizwa?"

Lilikuwa swali la kwanza la maana mama kuuliza tangu msiba. Nikamwangalia Tumaini, Tumaini akaniangalia. Nikasema, "Mama, kwa nini usiingie kwenye mchezo uwaulize mwenyewe?"

Ndivyo tulivyoanza.

Tulihitaji mchezaji wa tatu, nikamvuta Désiré ajiunge kwa video. Huyu ni Mrundi, anafanya kazi kiwanda cha malori kule kule Södertälje, tulijuana kwenye treni ya asubuhi. Ni mtu wa kucheka, Kiswahili chake anachanganya na Kifaransa, hajaoa, Jumapili baada ya kanisa hana pa kwenda. Nikamuuliza anataka kuwa mhusika gani, nikidhani atasema fundi.

"Kaka, malori nayaona kila siku. Donc, mimi niko mwizi."

Mama kusikia hivyo: "Huyo mwizi aandikwe jina kamili."

Sasa shida za kiufundi.

Mfumo wa kile kitabu unatumia dadu ya pande ishirini. Morogoro hiyo utaipata wapi? Nikaweka dadu ya kwenye app. Mama akagoma. "Dadu ya kompyuta nani ameiona ikianguka?" Alichukua dadu mbili za ludo kwa watoto wa jirani, akasema atacheza kwa hizo au hachezi.

Pili, kila mchezaji anatakiwa awe na karatasi iliyojaa namba: nguvu, wepesi, akili, silaha, uhai. Zote kwa Kiingereza. Nilimsomea mama karatasi yake kwa simu, nilipofika katikati akaniuliza kama anaomba mkopo benki.

Tatu, kitabu kina kurasa na kurasa za kupigana. Za kuongea na mtu? Nusu ukurasa.

Nikaingia kwenye group moja la mtandaoni la wachezaji, nikauliza namna ya kuhamisha kisa kutoka sheria nzito kwenda sheria nyepesi za dadu mbili. Nikapewa majibu kama mvua, wengine wakaanza kugombana wao kwa wao, mnajua group za mtandaoni zilivyo. Nikaokota nilichokielewa nikajaribu.

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho.

Nilihamisha namba kama zilivyo. Kitabu kilisema mbwa wa mlinzi wa geti la mgodi ana nyongeza ya tano kwenye kuuma. Kwenye dadu ya pande ishirini, tano ni kitu kidogo tu. Kwenye dadu mbili za ludo, wakuu, tano ni balaa! Yule mbwa akawa hakosi. Alimng'ata Désiré getini, akamfukuza akamng'ata kwenye ngazi, Désiré akapanda juu ya paa, mbwa naye akapanda.

"Kaka, huyu ni mbwa au ni simba?" Désiré anauliza huku analia kwa kicheko.

Mama akaingilia, "Huyo mbwa ana chanjo?"

Tumaini alicheka mpaka akashuka kwenye kiti. Hapo nikajua mchezo una maisha, ila fundi wa suti bado hajaiva.

Nikakaa chini upya. Namba karibu zote nikazitupa. Kila mhusika akabaki na sentensi moja inayosema anachokijua vizuri. Tumaini: anapigana kwa shoka. Désiré: anaingia pasipoingilika. Mama: anajua kuhoji. Ukifanya jambo unalolijua unarusha dadu tatu (mama akaazima ya tatu kwa watoto wale wale), unachukua mbili nzuri. Usilolijua unarusha mbili tu. Jumla yake ikiwa nane kwenda juu umefanikiwa. Chini ya hapo kuna matatizo yanakuja, nitayasema mimi.

Na maadui nao nikawabadilisha. Kitabu kiliwapa namba za uhai, ukizimaliza adui amekufa. Mimi nikampa kila mmoja mambo matatu anayoyaficha. Ukimhoji ukapata nane, anatoa moja. Akitoa yote matatu, hana tena sababu ya kukupinga.

Mama alifufuka, jamani.

Mlinzi wa geti, ambaye kwenye kitabu ana mstari mmoja tu, alihojiwa karibu kipindi kizima. Jina lako? Umri? Kabila? Nani alikupa amri ya kufunga geti? Alikupa kwa mdomo au kwa maandishi? Mimi ndiye mlinzi, natokwa jasho, natunga majibu papo hapo. Mwisho nikajikuta nimekiri kwamba mke wangu anatoka kile kijiji na hatujasemezana na wakwe. Kwenye kitabu hayo hayapo kabisa!

Majirani wakaanza kusogea. Mama Zuhura wa nyumba ya pili na mumewe wakawa wanakuja na viti vyao uani kwa mama kila Jumapili. Mama akawatangaza kuwa wazee wa baraza, kama wale wanaokaa na hakimu mahakama ya mwanzo. Ikawa mimi Stockholm nasimulia, Morogoro kuna baraza zima linashauriana kwa kunong'ona, dadu zinarushwa kwenye sinia ili kila mtu azisikie.

Mama akaanza kunipigia hata katikati ya wiki. "Yule mlinzi, nimemfikiria. Kuna kitu hajasema." Niko kazini, nimevaa koti la maabara, najibu maswali ya mlinzi asiyekuwepo.

Nilifurahi mno kiasi kwamba sikuona upande wa pili.

Upande wa pili ni Tumaini.

Huyu mtoto alikuja na shoka. Kila Jumapili amekaa anasubiri zamu ya shoka. Na kila tukikaribia kupigana, bibi yake anasema "subiri," anaanza na jina lako nani. Nilipokata ile suti niliikata kwa vipimo vya mama. Ya Tumaini ilikuwa inambana.

Tukafika mgodini. Pango la mwisho. Mifupa ya mbuzi chini, giza, pumzi nzito. Zimwi anasimama.

Tumaini akasimama pia, kweli kweli, kwenye kiti. "Jag anfaller!" Nashambulia. Dadu ziko mkononi.

Na kutoka Morogoro, ile sauti: "Subirini. Huyo hajasikilizwa."

Baraza likaunga mkono. Mama Zuhura akasema, "Kweli kabisa, asikilizwe."

Tumaini akaweka dadu mezani taratibu. Akaniambia kwa Kiswidi, "Hon förstör allt. Det är inte ens så det står i boken."

Désiré yuko kwenye kidirisha chake, Kiswidi anakijua, akaanza kuangalia dari.

Mama akauliza, "Amesemaje?"

Wakuu, pale nilitamani mtandao ukatike. Nilifikiria kutafsiri uongo. Lakini mama alikaa mahakamani miaka yote ile, mkalimani anayepindisha maneno anamjua kwa kumwangalia tu.

"Anasema unaharibu mchezo, mama. Na kwamba kitabu hakisemi hivyo."

Mama hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alitoa miwani akasema, "Sawa. Angeniambia mwenyewe."

Tumaini akaondoka mezani. Mlango wa chumbani ukafungwa.

Jumapili iliyofuata Tumaini ana homework. Ya baada yake, mama ana kikao cha jumuiya. Nikampigia mama, akasema, "Mpo salama? Haya, Mungu awatunze." Tumerudi kule kule.

Nikajaribu usuluhishi. Kwa mama: "Ni mtoto tu." Mama: "Najua ni mtoto. Namsubiri." Kwa Tumaini: "Ni bibi yako." Tumaini: "Jag vet," yaani najua. Wote wawili wamerithi ugumu wa shingo kutoka upande mmoja, na mimi niko katikati kama mtu aliyeshika kamba pande zote mbili.

Nikarudi kwenye lile group la mtandaoni. Safari hii sikuuliza namba. Nikaeleza kwamba mchezaji mmoja anataka kuongea na zimwi, mwingine anataka kumpiga, na kitabu hakisaidii. Mtu mmoja ambaye hata simjui akanijibu kwa kifupi: acha kuhamisha kilichoandikwa, jiulize kiliandikwa ili kifanye nini. Zimwi amewekwa mwisho ili iweje?

Niliitafakari hiyo siku nzima. Jibu lilikuja lenyewe jikoni.

Ilikuwa Jumamosi, nakaanga vitunguu vya pilau. Tumaini akaja akaegemea friji.

"Baba. Zimwi anaitwa nani?"

Kwa Kiswahili. Niliogopa kugeuka nisije nikaharibu.

"Kitabu hakijampa jina."

"Bibi atamuuliza jina. Hawezi kuuliza kama hakuna." Akasita, akamalizia kwa Kiswidi kwamba anataka yeye ndiye awe zimwi. Siyo mimi. Yeye.

"Na shoka lako?"

"Atasubiri nje. Kwanza bibi."

Nikamwambia sawa, ila zimwi atahojiwa na bibi, na bibi Kiswidi hajui hata neno. Akasema anajua. Ameshaongea na Désiré, wamefanya mazoezi kwenye simu.

Nilibaki na mwiko mkononi. Wamefanya mazoezi lini? Na kwa nini Désiré na siyo mimi?

Mama nilimwambia kitu kimoja tu: Jumapili mahakama inakaa, mshtakiwa ameletwa. Akasema atavaa vizuri.

Alivaa. Blauzi nyeupe, ile ya kazini. Wazee wa baraza wawili nyuma yake. Désiré alipiga kutoka kwake, safari hii amevaa tai, sijui aliitoa wapi. Tumaini alihamisha kiti akakaa peke yake mbele ya kamera, amejifunika blanketi la kijivu mpaka kichwani.

Mimi nikasimulia: "Mko ndani ya pango. Zimwi amesimama mbele yenu. Hajashambulia."

Mama akakohoa. Ile sauti ikatoka, haipandi haishuki.

"Jina lako?"

"Naitwa Sten." Ni jiwe kwa Kiswidi.

"Steni. Kulikuwa na Steni mwingine, karani wa Kilosa. Mna undugu?"

"Hapana, sivyo. Mimi niko Sten mwingine."

"Umri?"

"Miaka mia tatu. Voilà."

Mama akainua macho juu ya miwani. "Huyu zimwi katokea Kigoma nini?"

Désiré alizima kamera yake, lakini alisahau mic, tukamsikia anavyojikaza. Mwanafunzi alikuwa amebeba lafudhi ya mwalimu wake yote, na Kifaransa juu.

Kabila? Zimwi. Dini? Bado. Kazi? Kukaa. Mama Zuhura akawa anafuta machozi ya kicheko na upande wa kanga. Mama mwenyewe hakucheka hata kidogo.

"Unashtakiwa kwa kuchukua mbuzi wa watu. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa nini uliwachukua? Ulikuwa na njaa?"

Hapa wakuu, dadu zilitakiwa zirushwe. Mama alirusha tatu kwenye sinia, Mama Zuhura akasoma: imepita. Zimwi lazima ajibu ukweli.

Tumaini alivuta blanketi. Alikuwa anatafuta maneno, mdomo unaenda, sauti haitoki. Nikataka kumsaidia. Kwa bahati nzuri nilijizuia.

"Njaa kidogo tu," akasema. "Mbuzi akipotea, watu wanakuja kumtafuta. Mimi nataka watu waje."

"Wakija unafanya nini?"

"Wanakuja na shoka."

Mama akauliza, "Kwa nini hukuwaita? Una mdomo."

"Sijui maneno vizuri. Nikisema vibaya, watu wanacheka."

Nilikuwa nimeshika kitabu, nikakiweka chini.

Nilikumbuka likizo yetu ya mwisho Morogoro. Tumaini alimwamkia shikamoo mtoto wa miaka minne mbele ya ukoo mzima. Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wengine. Jioni ile alirudi kwenye Kiswidi, na nikidhani ni uvivu tu, niliacha hivyo.

Uani kwa mama hakuna aliyekuwa anacheka tena. Mama alitoa miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji kufutwa. Akaivaa. Na sauti ikarudi pale pale ilipokuwa, sawasawa.

"Mshtakiwa, hapa mahakamani hakuna anayecheka. Endelea. Sema taratibu, tunakusikiliza."

Basi Tumaini akaendelea. Aliongea! Alieleza pango lilivyo baridi, alivyosikia sauti za watu kutoka kijijini wakila pamoja, alivyojaribu kushuka siku moja akarudi njiani. Maneno mengine aliyakosea, mengine aliyatunga. Alisema "mlango wa mlima umelala" akimaanisha upande mmoja wa pango umeporomoka, na mama akauliza maswali mpaka akaelewa, bila kumsahihisha hata mara moja.

Mama akashauriana na baraza. Walinong'ona kweli, wamegeuza migongo.

Hukumu ikasomwa. Mshtakiwa amekiri. Atawarudisha mbuzi waliobaki. Na kwa kipindi kisicho na mwisho, kila Jumapili atafika mbele ya karani, aseme habari zake mwenyewe, kwa mdomo wake, bila mkalimani.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, bibi."

Hakusema "karani". Mama hakumrekebisha hapo pia.

Halafu Tumaini akatupa blanketi, akachukua dadu. "Sasa mimi!" Kwa sababu alikuwa ameshanipa maagizo Jumamosi ile ile: hukumu ikiisha tu, mgodi uanze kuporomoka kweli, na shujaa mwenye shoka aingie kukata nguzo zilizoanguka na kuwatoa wote. Nikauporomosha. Shoka lilifanya kazi mchana kutwa. Désiré alinasa kwenye ufa, mama akaamuru mwizi atolewe kwanza kwa kuwa kesi yake haijasikilizwa, na lile baraza lote lilikuwa linapiga kelele kama liko uwanjani. Mke wangu alirudi kutoka zamu akatukuta tumesimama juu ya viti, akauliza ni nani amefunga goli.

Ndiyo hivyo wakuu.

Nilichojifunza mimi. Kubadilisha kisa kutoka sheria moja kwenda nyingine nilidhani ni hesabu: tano ya huku inakuwa ngapi kule. Hesabu ilinipa mbwa anayepanda paa. Nikaja kuona ni kama kutafsiri, unatakiwa ujue nani atasikia na anahitaji nini. Nilifikiria mama tu, mtoto akaumia. Na suluhisho halikutoka kwangu wala kwenye kitabu, lilitoka kwa yule niliyemsahau, ambaye mwenzenu nilidhani anagombania shoka.

Zaidi ya hapo, wenye watoto ughaibuni: mtoto akikosea Kiswahili, zuieni hicho kicheko. Hata kile cha upendo.

Mama siku hizi haniulizi mimi sana. Leo mchana nilipitia sebuleni wakiwa kwenye simu, wanabishana wawili tu kama Sten aruhusiwe kuoa. Nikavuta kiti nijiunge. Tumaini akaniambia, kwa Kiswahili safi chenye Urundi kidogo, "Baba, ngoja nje. Bado tunaongea."

Nikaja huku jikoni kuwaandikia.

Sasa mje na maoni. Kuna yeyote humu anayecheza hii michezo kwa Kiswahili? Mnatumia sheria gani, na visa vya kununua mnavibadilishaje? Na lile tukio ambalo kitabu kinaita "saving throw", mchezaji anaporusha dadu ajinusuru na hatari, nyie mnaliitaje? Mimi nimekuwa nasema "rusha ya kujiokoa", mama anasema "rufaa". Naona la mama linaelekea kushinda, ila nasikiliza hoja.